Nyuzi Mbili za Kijani

Lizaboni, Songea
11 Oktoba 1992

Dada Adela,

Salamu utanisamehe, zitakuja huko chini. Nikianza na salamu nitaishiwa ujasiri, najijua. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye kitubio nililiruka, nikasema nimekuwa mvivu wa kusali na nimemjibu mama vibaya. Padri akanipa Salamu Maria tatu, nikatoka nalo lile lile tumboni.

Ni mimi niliyekata kona za vitambaa vya mama.

Ngoja nieleze vizuri. Ulipoondoka mwaka themanini na nane, vitambaa vilikuwa sanduku moja la bati na kiroba kimoja. Sasa ukiingia chumba chako cha zamani hukioni kitanda. Vimejaa kwenye masanduku, kwenye viroba vya mbolea alivyovifua, kwenye pipa lililotoboka, juu ya kabati mpaka kwenye dari. Wateja wanaacha vyao mpaka wapate nafasi ya kushonewa, wengine miaka miwili, na mama naye akipita madukani harudi mikono mitupu. Mimi nalalia vitenge, godoro alilichukua paka akazalia. Nikimwambia mama siku hizi vitambaa vipo, kila duka limefurika mpaka barazani, ananijibu, "Vipo leo. Wewe hukupanga foleni toka alfajiri kwa ajili ya mita mbili za marekani, ukafika dirishani ukaambiwa imekwisha."

Likizo ya Juni akaniambia, "Dorine, wewe una masomo, nipangie hivi vitu. Nimechoka kufukua." Nilifurahi mno, dada. Tangu uondoke haruhusu mtu kugusa cherehani wala vitambaa. Nikitaka hata kushona kifungo changu anasema lete hapa, wewe soma.

Mwalimu wetu wa sayansi kimu alituonyesha kitabu chake cha sampuli, kila ukurasa una kipande cha kitambaa na maelezo yake. Nikasema nitamtengenezea mama cha namna hiyo, awe anafunua daftari badala ya kufukua viroba. Nikakata kona ya kila kitambaa, upana wa vidole viwili, nikabandika kwa uji wa muhogo, nikaandika kwa Kiingereza ni kitambaa gani na kimekaa wapi. Vipande mia moja arobaini na viwili. Sasa karibu kila kitambaa kilikuwa na vishono vidogo vya uzi wa rangi kwenye kona moja. Nikadhani ndipo mama aliposhikiza mikunjo isifunguke. Nikaona nikate hapo hapo penye uzi, maana pameshatobolewa, nisiharibu kona nzima. Ndivyo nilivyokuwa mwangalifu.

Nilitaka nimpe sikukuu ya somo wake, mwezi wa saba. Haikufika. Akaja mama Aidan, anataka sketi. Mama akatoa gabadini ya bluu, akageuza kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudia. Akatoa nyingine akageuza. Mimi nipo mlangoni. Halafu akasema taratibu, kama anajisemea, "Nimekata mwenyewe."

Unakumbuka anavyokata kikona akakichoma kwa kiberiti, anuse kama ni pamba au nailoni. Akadhani alikata kwa ajili hiyo akasahau. Nilitakiwa niseme pale pale. Nikaenda kuchota maji na ndoo ilikuwa imejaa.

Basi akakisia, akamshonea mama Aidan ile bluu. Jumapili moja kanisani mwalimu Leticia akaiona gabadini yake inakwenda kukomunika. Walipotoka nje akamvuta mama pembeni.

"Mama Adela, ile bluu si nilikuletea mimi mwezi wa tano?"

"Mwalimu, gabadini za bluu ziko nyingi."

"Ziko nyingi. Yangu ina doa la wino, na doa lenyewe lile pale limemkalia mama Aidan kiunoni."

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alimlipa kitambaa kwa kitambaa, akakata kwenye vya kwake. Tangu siku hiyo amekwisha kosea mara nne. Akishika kitu anakiachia. Juzi ameniita jina lako. Kisha akasema, "Inaanza kama ya mama." Anamaanisha bibi wa Mpitimbi, alivyokuwa anatuita kwa majina ya marehemu na kuuliza ng'ombe waliokufa zamani. Anaamini anapotea akili, na dawa yake ninayo mimi chini ya mkeka.

Nifanyeje? Nilichome daftari? Hujambo lakini? Shemeji na mtoto hawajambo? Natuma kwa Egidi dereva wa lori la korosho, anasema Tunduru atafika Alhamisi. Nasikia kandambili za mama uani, nakunja karatasi naiingiza kwenye kiroba cha

Mdogo wako,
Dorine

(Nimemalizia kesho yake. Hakuiona.)


Namasakata, Tunduru
25 Oktoba 1992

Mdogo wangu Dorine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi alhamdulillah wazima, isipokuwa mikono imebabuka kwa utomvu wa korosho, ndiyo maana mwandiko unaona umelala. Shemeji yako Majaliwa anakusalimu. Subira ana miaka miwili sasa na anakimbiza kuku wa jirani, jirani naye anatukimbiza sisi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Daftari usilichome. Narudia, Dorine, usithubutu.

Mama hajawahi kuandika jina la mteja kwenye kitambaa. Zamani alikuwa anabandika karatasi kwa pini, wewe ukiwa mdogo, panya wakazila zote msimu mmoja wa mvua na watu wakamgombeza. Tangu hapo kila mteja ana uzi wake. Anaushona kwenye kona, mteja yuko pale pale anaongea habari zake, wala hajui kinachoshonwa. Mimi nilikaa naye kwenye cherehani miaka sita, navijua. Mama Aidan ni nyekundu tatu. Mwalimu Leticia bluu mbili na fundo. Mama Valence njano nne, mama alisema amempa nne kwa sababu ya wingi wa maneno. Wa kwake mwenyewe mama ni nyeusi moja. Hao wengine nimewaandika nyuma ya karatasi hii, niliowakumbuka.

Unaelewa sasa? Hukuharibu kumbukumbu yake. Umeihamisha. Iko yote kwenye daftari lako, imebandikwa kwa uji. Kitambaa kikiwekwa karibu na kona yake, mchoro utaungana. Kazi ya siku mbili. Kwa hiyo mwambie. Atakasirika, atakuita majina, labda atakuchapa na futi ya kupimia. Mimi ile futi naijua, inauma kidogo tu.

Nina jambo moja la kukuomba, na nimelifuta mara mbili kabla ya kuliandika. Angalia kwenye daftari kama kuna kona yenye nyuzi mbili za kijani zilizopishana, kama msalaba mdogo. Nilipokuwa shule ya msingi mama alikuwa ananiwekea hizo ndani ya kola, shati langu lisichanganywe na ya watoto wa baba mdogo. Kijani kilikuwa cha kwangu. Sijui kama alimpa mteja mwingine baada ya mimi kuondoka. Nilimwachia gauni la harusi halijatiwa mikono, na jina langu lilikuwa litangazwe kanisani Jumapili ile pamoja na la mwanaume mwingine, si Majaliwa. Angempa mteja mwingine nisingemlaumu.

Angalia tu. Ukiiona niambie. Usipoiona, usiniambie chochote.

Dada yako,
Adela
(huku wananiita Mwanaisha, lakini wewe endelea na lile)


Lizaboni
15 Novemba 1992

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za korosho na za mikono? Sisi hatujambo kimwili. Mvua imeanza kutisha tisha haijanyesha.

Zipo. Ziko kumi na tisa.

Nimehesabu mara tatu, mlango nimeegemeza kwa kiroba. Ya kwanza kabisa ni satini nyeupe, imeanza kuwa njano pembeni, nadhani ndiyo ile ya gauni. Halafu vitenge, popilini ya maua madogo, lesi ya rangi ya maziwa, kipande cha flaneli laini kabisa, ile ya watoto wachanga. Mimi nilikuwa nimeiandikia "kitambaa cha baridi" kwa Kiingereza changu kibovu. Dada, yeye alijuaje? Mimi sikumwambia kama una mtoto. Labda Egidi. Labda hakujua, alinunua tu.

Na mengine haya hapa. Juzi mama karudi mjini na kitenge kipya, cha kahawia na ndege wa buluu. Mimi nilikuwa sebuleni najifanya nasoma, kitabu nimekishika juu chini. Alikaa kwenye cherehani, akavuta droo, akachomoa uzi wa kijani. Akashona vishono viwili kwenye kona, akakata kwa meno. Sijui nilipata wapi mdomo, nikauliza.

"Mama, hicho cha nani?"

"Cha mteja."

"Mteja gani?"

"Wa mbali."

"Atakuja lini kukichukua?"

Akanitazama, kisha akakitazama kitenge. "Wewe una mtihani, soma." Akakikunja akakiweka kirobani, kile cha saba, ambacho ndicho chenye vya kijani vyote. Kwa hiyo sasa ni ishirini.

Mtaa mzima wanamwita mama Adela. Mara moja alijaribu kuwaambia wamwite mama Dorine. Mama Valence akamjibu, "Sasa na huyo wa kwanza tumpeleke wapi?" Hakurudia.

Najua utaniuliza kama nimemwambia. Sijamwambia. Kila siku nasema leo. Nasema akimaliza kula. Akimaliza kula nasema akipumzika. Jana nilifika mpaka kwenye kiti chake na daftari mkononi, limefunikwa gazeti, jalada nimeandika kwa Kiingereza. Akaligusa juu akasema, "Ni masomo hayo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Soma mwanangu. Usije ukawa kama mimi, ambaye hata kona ya kitambaa imenishinda." Nikarudi nalo.

Nimepata wazo lingine. Nitavirudishia nyuzi mwenyewe, kimya kimya. Nitalinganisha kona na kitambaa, nitashona alama ile ile pembeni ya palipokatwa. Mama ataamka siku moja aone nyuzi zipo, ajue kichwa chake ni kizima. Hakuna atakayelia. Usiniambie hapana, barua yako itafika nimeshaanza.

Mdogo wako mwoga,
Dorine


Lizaboni
6 Desemba 1992

Dada,

Hujambo? Hujanijibu. Egidi anasema lori limezama matope huko porini na dereva mwenzake analala chini yake siku ya tano. Nakuandikia hata hivyo, maana nimeharibu zaidi.

Nilianza na kumi tu. Kila mama akienda kusali jumuiya mimi nashona. Hakuna aliyenifundisha kushika sindano, unajua. Nilijitoboa, nikafuta damu kwenye sketi ya shule. Za nyekundu tatu ziliniwia rahisi. Za fundo ziligoma.

Jumanne mama akatoa kitambaa cha mama Aidan, cha nguo za Krismasi za watoto. Akageuza kona. Akaziona nyekundu tatu. Nilikuwa namwangalia kwa pembeni, moyo unaruka kwa furaha, naapa. Nikasubiri atabasamu.

Akaisogeza dirishani. Akapitisha kidole juu ya zile nyuzi. Akaniita.

"Dorine, njoo unionee. Huu mshono wa nani?"

"Si wako, mama?"

"Mimi navuta uzi kulia. Huu umevutwa kushoto, tena umekunjamana kama wa mtoto." Akaigeuza tena ile kona. "Ni mimi niliyeshona, nani mwingine anajua alama hii? Nimeshona sikumbuki, na mkono wangu umegeuka." Akaketi akaviweka viganja vyake mapajani akavitazama, kimoja kimoja, kama vya mtu mwingine.

Mimi natumia mkono wa kushoto, dada. Sikuwahi kufikiri kwamba uzi unaonyesha.

Siku ile ile akafunika cherehani kwa shuka. Kitambaa cha mama Aidan akakirudisha bila kushona, wiki tatu kabla ya Krismasi. Wengine amewaita waje wachague wenyewe vitambaa vyao, na wewe unajua watu. Kuna aliyeleta popilini akaondoka na lesi. Mama anasimama mlangoni anasema chukueni, chukueni mnachokijua. Mama Valence hakuchukua kitambaa. Alikuwa anaizunguka cherehani, akakanyaga kanyagio mara mbili, akasema, "Mama Adela, ukichoka kabisa usiihangaishe mbali. Mimi nipo." Mama akasema watazungumza baada ya sikukuu.

Kiroba cha saba hajakigusa. Anakalia juu yake watu wakiingia kuchagua.

Siwezi kula. Darasani mwalimu aliniuliza swali ninalolijua nikasimama nikaketi. Najiona kama mtu aliyemfungia mama yake chumbani na ufunguo uko mfukoni mwake, anapita nje ya mlango huku anasali. Mbona siwezi kufungua?

Mdogo wako,
Dorine


Namasakata
2 Januari 1993

Mdogo wangu,

Salamu za mwaka mpya. Barua zako mbili zimenifikia siku moja, zimelowa, nyingine ina alama ya tairi. Sisi wazima, homa imepita na kwetu ikamkuta Subira lakini amepona.

Nimesoma ile ya kona kumi na tisa kwanza. Majaliwa alinikuta nimekaa chini jikoni, akadhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, nimeandikiwa habari ya flaneli. Akaniacha. Ni mtu mzuri, anajua wakati wa kuniacha.

Kisha nikasoma ya pili.

Dorine, mimi sina haki ya kukugombeza, na sasa nitakwambia kwa nini. Wewe umeniambia lako la kwanza, mimi nilikujibu kama mtu mzima na nikaficha langu. Nina barua nne nilizomwandikia mama. Nimeandika kila mwaka moja. Ziko ndani ya mto ninaolalia, nimeshona juu yake. Naandika shikamoo mama, nafika mstari wa tatu naogopa kwamba atairudisha haijafunguliwa. Kwa hiyo siitumi kabisa, halafu najisemea kuwa ni yeye ndiye hataki. Subira kwenye cheti ni Subira, na bibi yake wa huku ndiye aliyempa. Lakini nikiwa naye peke yangu kisimani namwita Kunegunda, jina la mama. Anaitika. Majaliwa alisikia siku moja akasema jina zito hilo kwa mtoto wa kilo kumi.

Kwa hiyo ukijiita mwoga, jua tuko wawili na mimi ni mkubwa wako.

Lakini mimi sipo hapo. Barabara imekatika, hata lori haliendi. Nikisema nitakuja nikusaidie kumwambia, nitafika cherehani iko kwa mama Valence na mama ameshazoea kuitwa mgonjwa. Mtu akizoea hilo halimtoki, ulimwona bibi. Wewe ndiye uliye naye chumba kwa chumba.

Usimshonee tena chochote. Usimpangie maneno mazuri pia, wewe maneno yanakukimbia, nakujua toka unatambaa. Mpe daftari. Litasema lenyewe. Mimi kwa upande wangu nimefumua mto leo asubuhi. Barua ya kwanza kwa mama naifunga pamoja na hii. Mpe akishamaliza kukasirika, si kabla.

Barabara ikikauka, inshallah mwezi wa tano, nitakuja mwenyewe na mtoto nichukue vitambaa vyangu. Lakini usinisubiri.

Dada yako,
Adela


Lizaboni, Songea
Jumamosi, 23 Januari 1993

Dada Adela,

Shikamoo, na mtoto naye mpe pole ya homa. Barua yako imefika jana, Egidi kavuka kwa miguu palipokatika barabara, kaileta mwenyewe mpaka shuleni ndani ya soksi. Ya mama ipo, sijaifungua.

Mama Valence anakuja Jumatatu na mkokoteni. Wamekubaliana. Asubuhi hii mama ameipangusa cherehani kwa mafuta, kila mahali, hata chini pasipoonekana, kama anamwogesha mtu anayesafiri. Kisha akaenda jumuiya, leo wanasali kwa mwalimu Leticia. Alipotoka nilikuwa sijaamua. Nimezunguka chumba, nimetoka nje, nimerudi, nimefua soksi ambayo ilikuwa safi. Halafu nikatoa daftari.

Nimefuta Kiingereza chote. Kilichoandikwa kwa kalamu ya wino nimekibandikia karatasi juu. Nilikuwa najidanganya kwamba naandika Kiingereza kwa sababu ni masomo. Niliandika hivyo kwa sababu mama amesoma mpaka la nne, na Kiingereza ni mahali pekee ndani ya nyumba hii ambapo hawezi kuingia. Nimekaa humo miezi saba. Pamechosha.

Kwa hiyo nimeandika upya kwa Kiswahili, herufi kubwa, kama za darasa la kwanza, asihitaji kukodoa macho. Nyekundu tatu, MAMA AIDAN. Bluu mbili na fundo, MWALIMU LETICIA. Njano nne, MAMA VALENCE, na hapo mkono ulicheka peke yake. Nimefuata orodha yako. Wale usiowakumbuka nimeacha nafasi, atajaza yeye, anawajua. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika: MAMA, KONA NILIKATA MIMI DORINE MWEZI WA SITA. HUKUSAHAU KITU. NA ULE MSHONO WA KUSHOTO NI WANGU. Nilitaka kuongeza nisamehe, nafasi ikaisha. Nitasema kwa mdomo, kama mdomo utafunguka.

Kurasa za kijani nilizibakiza mwisho. Nilikaa nazo muda mrefu. Jina lako halijatamkwa na mama ndani ya nyumba hii tangu uondoke, ila ile siku moja alipokosea, na wageni wanalitamka kila siku bila kujua wanachofanya. Nikaandika juu, katikati, herufi kubwa kuliko zote: ADELA. Nikazitazama. Herufi tano tu. Nilidhani kuta zitapiga kelele.

Daftari nimelifungua hapo hapo kwenye kurasa za kijani, si kwenye ukurasa wa kwanza, nikaliweka juu ya cherehani, nimeondoa shuka. Mkasi nimeuweka juu lisijifunge na upepo. Barua yako kwa mama iko chini ya mkasi, najua ulisema si kabla. Kiroba cha saba nimekisogeza karibu na kiti, akitaka kulinganisha asihangaike.

Sasa naandika hii kwa sababu mikono haikai. Nimeketi kwenye kiti changu kile cha kusomea. Mvua imekatika. Wameshamaliza kuimba huko kwa mwalimu, nilisikia wimbo wa mwisho, na wanawake wanapita barabarani wanaagana. Mama Valence anacheka, huyo hata akinong'ona unamsikia. Mmoja kasema, "Haya mama Adela, mpaka kesho kanisani," na sauti ya mama imejibu haya.

Anakuja. Nazisikia kandambili zinavyokamata matope na kuachia. Kiroba kingine kipo hapa miguuni, mkeka upo, nikinyoosha mkono tu karatasi hii haipo. Mkono wenyewe umeshanyooka, nimeuona, nimeurudisha juu ya meza.

Anakwangua matope kwenye jiwe la mlangoni, mguu wa kulia, sasa wa kushoto. Ananiita, anauliza mbona kimya, nimelala?

Nimeitika. Nimemwambia niko macho, mama, ingia